Dylan Kerr: Simba walimtimua, Gor akabeba ubingwa, Gallants akafika nusu fainali Afrika na kushuka daraja wiki hiyohiyo. Huyu kocha tumweke kundi gani?

#1 Mzizima74
Wakuu salaam.
Januari 2016 Simba ilimfungisha virago baada ya kutolewa na Mtibwa Sugar 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Julai 2017 akatua Gor Mahia ya Kenya, msimu ukaisha na ubingwa wa 16 wa klabu. 2018 akaongeza wa 17. Mei 2021 akatwaa Nedbank Cup, kombe la mtoano, akiwa na klabu ya TTM kule Afrika Kusini. Mei 2023 yuko na Marumo Gallants nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: Jumatano ya tarehe 17 anatolewa na Yanga, Jumamosi ya tarehe 20 anashuka daraja.
Hoja yangu: huyu ni kocha wa mtoano, ligi haiwezi. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo kwao.

#2 Msimbazi_Halisi
Mleta uzi umejipinga mwenyewe ndani ya aya moja. Ubingwa wa Kenya mara mbili ni ligi au ni ndondo?

#3 Jangwani OG
Nimepita kumshukuru tu. Kwa Mkapa 2-0, Aziz Ki na Morrison. Rustenburg 2-1, Mayele na Musonda. Jumla 4-1. Endeleeni na mjadala.

#4 BekiTatu
Kabla ya kumhukumu kocha mumjue mchezaji, maana asilimia kubwa ya anachofanya benchini amekitoa huko.
Kerr alikuwa namba tatu, yaani beki wa kushoto. Alikulia Sheffield Wednesday bila kufika timu ya kwanza, akaenda Arcadia Shepherds ya Afrika Kusini, kisha kocha Howard Wilkinson akamchukua Leeds 1989. Leeds alikaa hadi 1993, ikapanda daraja 1990 na kuwa bingwa wa England 1992.
Alipotoka Leeds akaenda Reading ya kocha Mark McGhee, akakuta msimu wa 1993/94 wanabeba ubingwa wa daraja na kupanda. Hapo ndipo alipocheza mpira wake mwingi Uingereza, mechi 89 za ligi. Baadaye Kilmarnock ya Scotland, Kombe la Scotland 1997. Kisha zikaanza zile klabu za kuhesabu kwa vidole vya mikono na miguu: Exeter, Hamilton, Morton na nyingine.
Yaani jina lake halijawahi kuwa kwenye jezi za mashabiki, ila amekaa vyumba vya kubadilishia nguo vya kila aina: cha mabingwa, cha wanaopanda, na cha wanaosubiri mshahara wa mwezi juzi.

#5 Kisonoko
Beki tatu kamaliza kuosha vyombo na kudeki, sasa kaja na takwimu. 😂

#6 Mzizima74
Kisonoko acha utoto, jibu hoja.
BekiTatu asante. Kwa hiyo ni bingwa wa England 1992? Mbona Simba walipomleta hawakulitangaza hilo kwa vuvuzela?

#7 BekiTatu
Mkuu hapo ndipo watu wanapopigwa na wasifu wa kocha. Miaka yote ile Leeds mechi zake za ligi ni 13. Msimu wa ubingwa namba tatu alikuwa Tony Dorigo, alinunuliwa 1991 kutoka Chelsea, na kumtoa Dorigo ilikuwa kazi. Kerr akapelekwa Doncaster kwa mkopo, halafu Blackpool kwa mkopo. Klabu ilikuwa bingwa, yeye alikuwa mwajiriwa wa klabu bingwa. Ni vitu viwili.

#8 Pemba_Mshale
Na mnamwita Muingereza kila mstari. Kazaliwa Malta. Magazeti ya Dar 2015 yaliandika Muingereza kwa sababu ya lafudhi.

#9 Kisonoko
Kwa hiyo mliofukuza mzungu mlifukuza mwenzetu wa kisiwani.

#10 BekiTatu
Pemba uko sahihi, kazaliwa Malta 1967. Lakini kakulia England na mpira kaufundishwa England. Kwa mada hii pasi ya kusafiria haina uzito, darasa alilokaa ndilo lenye uzito.

#11 GreenArmy_68
Wadau, Mkenya hapa. Kuna jambo hamjaligusa. Kilmarnock ilipochukua kombe Mei 1997 pale Ibrox, 1-0 dhidi ya Falkirk, bao la Paul Wright, kocha alikuwa nani? Bobby Williamson. Huyohuyo aliyefundisha Uganda Cranes, akaja kwetu Gor na kutupa ligi ya 2013 baada ya ukame wa miaka 18, kisha Harambee Stars. Baada yake Gor tulikuwa na Frank Nuttall, Mskoti mwingine, tukamaliza 2015 bila kufungwa ligi nzima.
Kwa hivyo Kerr alipofika 2017 hakuwa mgeni wa kuokota njiani. Wachezaji na mashabiki walikuwa tayari wameonja aina ile ya mpira: mbio nyingi, krosi mapema, mabeki wa pembeni wanaocheza kama mawinga. Simba hawakuwa na hilo.

#12 Msimbazi_Halisi
Hii ya Williamson sikuijua, shukrani sana. Lakini usisahau Gor ile aliikuta imeshapikwa. Kocha Zé Maria aliondoka katikati ya msimu wa 2017, akaacha wachezaji kina Kagere, Tuyisenge, Walusimbi na Kahata. Hapo hata mimi ningewapa bibs (vizibao vya mazoezi) na kuwaambia chezeni.

#13 GreenArmy_68
Boss, ungewapa bibs ungemaliza wa nne.
2017 nakubali, alirithi. 2018 je? Mwaka ule tulicheza Ligi ya Mabingwa, tukatolewa na Esperance kwa bao moja tu kwenye mechi mbili, 0-0 na 0-1. Tukashukia Shirikisho, tukawatoa SuperSport United kwa goli la ugenini, 1-0 kwetu na 1-2 kwao. Makundi tukawekwa na USM Alger, Rayon Sports na Yanga. Katikati ya yote hayo ligi ya nyumbani inaendelea, na tukaibeba. Halafu dirisha la katikati ya mwaka likaondoka na Kagere, akaenda kwenu Simba, na Walusimbi, akaenda Kaizer Chiefs. Kocha aliyepoteza mfungaji wake na namba tatu wake ndani ya msimu na bado akawa bingwa, huyo hamumuiti kocha wa ligi?

#14 Kisonoko
Na zile nne bila za Nairobi alifungwa nani vile? Jangwani OG uko wapi mzee wa shukrani?

#15 Jangwani OG
Julai 2018. 4-0 kwao, 3-2 kwetu. Tumeandika, hatujafuta. Ila semeni ukweli wote: Yanga ile mfuko ulikuwa umetoboka, wachezaji walikuwa wanadai. Kuifunga Yanga ya 2018 si kipimo cha kocha.

#16 Mzizima74
GreenArmy pointi zako nzito, lakini kundi lile mlimaliza wa tatu. Mlihitaji ushindi nyumbani dhidi ya Rayon mkafungwa 2-1, mkaenda Algiers mkafungwa 2-1. Rayon wakapita na pointi 9, nyinyi 8. Kwa hiyo hata mtoano hakufika.

#17 GreenArmy_68
Sawa, hapo tulijichimbia. Ila umeanza na "kocha wa mtoano", sasa unasema hata mtoano hakufika. Chagua moja, mzee.

#18 Kona_Fupi
Naona mnazunguka. Swali linajibika kwa kuangalia jinsi timu za aina hii zinavyocheza, siyo kwa medali.

Chukua mfano wa Gallants na Pyramids robo fainali: 1-1 Misri, 1-0 Afrika Kusini. Timu ndogo inayocheza mechi mbili na timu kubwa, mkondo wa kwanza ugenini, hufanya hivi. Mstari wa mabeki wanne unasimama hatua chache tu mbele ya boksi lake. Viungo wanakaa mita 10 mpaka 12 mbele yao, isizidi hapo, maana ikizidi namba kumi wa wapinzani anapata uwanja wa kugeukia. Mabeki wa pembeni hawapandi wote kwa pamoja: namba mbili akipanda, namba tatu anabana ndani ili wabaki watatu nyuma. Mpira ukinyakuliwa unapigwa nyuma ya beki wa pembeni wa wapinzani. Hata usipofika kwa mshambuliaji unapata mpira wa kurusha au kona, na kona ndiyo nafasi yako ya bao. Mpinzani akilazimika kuja, mtego unafanya kazi.

Sasa peleka mpango uleule kwenye ligi, dhidi ya timu ya 14 ambayo nayo imekaa nyuma inakusubiri. Hakuna anayekuja. Mechi inaisha sare. Sare mbili ni pointi 2. Ushindi mmoja na kipigo kimoja ni pointi 3. Mechi 30 za namna hiyo zinakupeleka chini bila hata kufungwa mabao mengi.

Kwa Gor hesabu ilikuwa kinyume: kila timu Kenya inakaa nyuma dhidi ya Gor, lakini Gor ina Kagere na Tuyisenge wa kuvunja. Kocha ni yuleyule, kilichobadilika ni nani anaogopa nani.

#19 Mzizima74
Nakazia. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

#20 Bongo_Jozi
Kona_Fupi maelezo ni mazuri lakini Gallants hawakushuka kwa sababu ya sare. Hebu niwape picha ya huku.

Kwanza TTM na Marumo Gallants ni klabu moja iliyobadilishiwa jina. TTM walinunua nafasi ya Bidvest Wits kwenye ligi kuu mwaka 2020. Wakabeba Nedbank Cup Mei 2021 pale Bloemfontein, 1-0 dhidi ya Chippa United, benchi analo Kerr. Mwaka uleule nafasi ikauzwa tena, ndipo jina Marumo Gallants likazaliwa. Wakashuka 2023, na 2024 wakarudi juu kwa kuchukua nafasi ya Moroka Swallows, wakahamia Bloemfontein, na Kerr akaitwa tena. Leseni ya ligi huku inauzwa kama daladala inavyouzwa na njia yake.

Athari yake: mmiliki mpya anakuja na mawakala wake, nusu ya kikosi inaondoka, kocha anaanza na wachezaji ambao hawajawahi kucheza pamoja. Ndiyo maana kocha mzaliwa wa kuhamahama kama Kerr anapata kazi huku kila baada ya miezi michache. Swallows walimwita 2021/22 wakiwa wanazama, wakamaliza wa 15, wakaingia mchujo wa kubaki na wakabaki.

Pili, hesabu ya mechi. Kuanzia makundi tarehe 12 Februari 2023 hadi 17 Mei, Gallants walicheza mechi 10 za Afrika pekee, na kundi lao lilikuwa na USM Alger, Al Akhdar ya Libya na Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Waliongoza kundi hilo! Katikati ya safari hizo ligi haikuwasubiri. Kikosi kikiwa na wachezaji 14 au 15 wa kuaminika, ratiba hiyo inawamaliza misuli ya paja kwanza, hasa mabeki wa pembeni na mawinga. Kati ya Yanga Jumatano usiku na mechi ya mwisho ya ligi Jumamosi mchana hata saa 72 hazikutimia. Mwili wa mchezaji haujui kwamba hiyo ni mechi ya kubaki ligi kuu.

#21 Lubumbashi Fils
Asante kwa kuitaja Lupopo. Huku tuliona tofauti: Gallants hawakuwa wazuri kuliko sisi kwa mpira, walikuwa wazuri kwa kungoja.

#22 Msimbazi_Halisi
Sasa tumerudi kwa waajiri, na ndiyo hoja yangu kwa Simba. Angalia alichokabidhiwa Julai 2015. Mshambuliaji Okwi ndiyo kwanza ameuzwa Denmark. Kiiza kaja, na tukumbuke Kiiza alimaliza na mabao 19, nyuma ya Tambwe tu mwenye 21. Kwa hiyo kufunga haikuwa shida. Derby ya kwanza na Yanga, Septemba 26 tukafungwa 2-0, Tambwe na Busungu. Kerr akafukuzwa Januari, Mganda Mayanja akachukua timu, derby ya Februari tukafungwa 2-0 tena. Makocha wawili, matokeo yaleyale mpaka idadi ya mabao. Mwisho wa msimu wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Sasa tatizo lilikuwa beki tatu wa Leeds?

#23 Pemba_Mshale
Tatizo lilikuwa Mapinduzi. Kocha Kopunović alilibeba Januari 2015 akiwa ameanza kazi tu. Mwaka uliofuata Kerr analiacha kwa Mtibwa nusu fainali. Kwa Simba, kombe la Januari ni mtihani wa kati wa kocha, hata kama hakuna aliyeandika hivyo kwenye mkataba.

#24 Kisonoko
Halafu Mtibwa nao wakafungwa 3-1 na URA fainali. Kerr alifukuzwa kwa sababu ya timu iliyofukuzwa na Waganda, na nafasi yake akapewa Mganda. Mantiki ya Msimbazi.

#25 BekiTatu
😂 Kisonoko leo umesema kitu.
Jambo moja zuri la kipindi kile: namba tatu wa Simba alikuwa kijana Mohamed Hussein "Tshabalala", alikuwa na msimu mmoja tu klabuni. Kufundishwa na kocha aliyecheza nafasi yako kuna faida za kiufundi ambazo hazionekani kwenye msimamo wa ligi: mwili uelekee wapi winga akikujia, lini uache krosi ipigwe, mguu upi utangulie. Miaka iliyofuata akawa nahodha.

#26 Jangwani OG
Na sasa anavaa jezi gani? Endelea kusimulia.

#27 Msimbazi_Halisi
Moderator, huyu mtu atolewe.

#28 Mwl. Chaki
Naomba nitoke kidogo kwa Kerr. Swali lililo chini ya uzi huu ni kwa nini wachezaji wa kawaida wa Kiingereza huwa makocha wanaodumu. Neil Warnock alikuwa winga wa madaraja ya chini: Chesterfield, Rotherham, Hartlepool, Scunthorpe na wenzao. Amepandisha timu daraja mara 8, rekodi ya England, kuanzia Scarborough 1987 hadi Cardiff 2018. Sean Dyche alikuwa beki wa kati wa Chesterfield iliyofika nusu fainali ya Kombe la FA 1997 ikiwa daraja la tatu, na akafunga penati katika ile 3-3 na Middlesbrough. Upande wa pili, Gary Neville, makombe hayahesabiki, ukocha wa Valencia hakumaliza hata miezi minne.
Sababu ninayoiona: mchezaji wa kawaida alilazimika kujua kwa nini kitu kinafanya kazi. Nyota alikifanya tu.

#29 Bongo_Jozi
Mwalimu, hiyo inapendeza kusikia lakini ina tundu. Unahesabu Warnock na Dyche, huhesabu mamia ya mabeki wa daraja la tatu waliojaribu ukocha wakapotea. Waliobaki ndio tunaowaona. Wachezaji wa kawaida ni wengi mara elfu kuliko nyota, lazima watoe makocha wengi.

#30 Mwl. Chaki
Hapo umenibana. Nabaki na nusu ya hoja: wanajifunza kwa walimu wengi. Kerr peke yake kapita kwa Wilkinson, McGhee na Williamson, na wote watatu wana kikombe au ubingwa wa kuonyesha.

#31 Kisonoko
Warnock alisomea pia utibabu wa nyayo, kwa hiyo akikosa timu anakata kucha. Kerr ana fani gani ya akiba?

#32 Pemba_Mshale
Kukata tiketi ya kurudi Afrika Kusini.

#33 Mzizima74
Haya, wenye ujuzi wa usajili wa makocha: kiongozi wa klabu akiletewa wasifu kama huu mezani, auangalieje?

#34 Kona_Fupi
Asianze na medali. Aanze na tarehe. Kwa kila klabu aandike siku aliyoingia na siku aliyotoka, kisha ajiulize: maandalizi ya msimu aliyafanya yeye au alikuta ligi inaendelea? Kwa Kerr utaona klabu nyingi aliingia katikati, Gor 2017, Swallows, Gallants 2023. Simba ndiko alikoanza na maandalizi kamili, na ndiko alikotolewa kabla ya mzunguko wa pili.
Halafu nani alisajili? Kocha asiyesajili anapimwa kwa mpangilio wa ulinzi na mipira ya kutenga, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoweza kubadilisha ndani ya wiki tatu nne. Mashambulizi ya kupangwa yanataka miezi.
Mwisho agawe pointi: mechi 10 za kwanza peke yake, zilizobaki peke yake. Kocha wa kuwasha moto huvuna za kwanza kisha mstari unashuka. Kocha wa kujenga huanza vibaya. Ukimchukua wa kwanza kwa mkataba wa miaka miwili umejiumiza mwenyewe.

#35 GreenArmy_68
Kwa hesabu hiyo Gor 2018 inaharibu nadharia yako, maana maandalizi ya 2018 aliyafanya yeye na alimaliza msimu akiwa bingwa. Tena Juni akatwaa SportPesa Super Cup pale Nakuru, 2-0 dhidi ya wenye uzi huu, tukaenda kucheza na Everton pale Goodison Park Novemba.

#36 Msimbazi_Halisi
Goodison mlifungwa ngapi?

#37 GreenArmy_68
Nne. Lakini tulifika. Nyinyi mlifika Nakuru.

#38 Kona_Fupi
GreenArmy, Gor 2018 siifuti, naiwekea alama ya kuuliza. Kagere na Tuyisenge wangefunga kwenye ligi ile hata chini ya kocha mwingine. Nionyeshe msimu mmoja aliokuwa na maandalizi kamili, bila washambuliaji wa daraja lile, akamaliza nafasi nne za juu, nami nitabadili msimamo.

#39 Bongo_Jozi
Na mimi nionyeshwe klabu moja kati ya hizo za huku iliyompa kocha yeyote maandalizi kamili na mshahara wa wakati.

#40 Jangwani OG
Mimi ombi langu ni dogo. Nusu fainali ijayo tupangiwe naye tena.